Diski Niliyomchagulia Mwalimu Projesti

Tulimzika Mwalimu Projesti siku ya Jumatano, nyuma ya nyumba yake pale Muleba, kwenye kona ya shamba ambako migomba inapakana na mibuni. Waombolezaji walipopungua niliingia chumba cha mbele, kile alichokuwa akitungia nyimbo, nikakuta kimekuwa cha wageni: magodoro yameegemezwa ukutani, mabegi yamerundikwa dirishani, harufu ya mafuta ya kupaka imefukuza ile harufu ya karatasi na kahawa niliyoizoea. Nilisimama katikati nikijaribu kukumbuka meza ilikuwa wapi, kiti kilikuwa wapi, na mimi nilikuwa nakaa wapi. Leo nina duka langu la kutengeneza kompyuta Bukoba mjini, ninaishi Buhembe, mvi za kwanza zimeshaanza kuchungulia, na vijana wa mjini wananiita fundi mkubwa. Nina cheti nilichotoka nacho chuoni, kimening'inia juu ya kaunta. Lakini ufundi ninaoutegemea kila siku sikuupata kule. Niliupata katika chumba hiki, katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi kisicholingana na nilichokijua.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuwafundisha kompyuta wasichana wa kituo cha ushonaji cha parokia. Padre akanitafutia mahali pa kukaa, kwa Mwalimu Projesti na mkewe Ma Leokadia, ambao watoto wao walikuwa wameshatawanyika. Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini hilo jina hakulibeba kwa sababu ya shule. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Nyimbo zake zilikuwa zinaimbwa parokia za mbali, na watu waliokuja kununua ndizi kwa Ma Leokadia walikuwa wakimwona barazani wanashusha sauti. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, haina dari, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalipanda juu ya ukuta na kushuka chumba kingine bila kuomba ruhusa. Nilipewa chumba kilichopakana na kile cha mbele. Tulikula jikoni, kwenye mkeka, ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage karibu kila siku, zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba hadi dakika ya mwisho, na Ma Leokadia alikuwa na desturi ya kunisogezea upande uliolainika zaidi bila kuniangalia, kana kwamba mkono wake umeteleza tu.

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, nyeusi, pana, iliyotolewa na ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Alikuwa nayo miaka mingi. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuandikia nota, na ndani ya programu hiyo kulikuwa na maisha yake yote. Asubuhi alibonyeza kitufe cha kuwashia, akaenda kunawa uso, akakata majani ya mbuzi, akanywa chai, akarudi, na bado mashine ilikuwa inazungusha kile kiduara chake. Ikishafunguka, programu nayo ilihitaji muda wake. Mimi, kwa ujuzi wangu wa chuo, niliona kichekesho. Nilidhani ni mzee tu aliyezoea kitu kibovu.

Halafu ikaja asubuhi moja ya masika. Nilikuwa najiandaa kwenda kituoni nikamsikia anatoka shambani mbiombio, anaimba kwa pumzi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia, sauti inapanda ngazi tatu halafu inashuka taratibu kama mtu anayeketi. Akaingia chumba cha mbele, akabonyeza kitufe, akaketi. Aliendelea kuimba. Mashine ilinguruma. Akarudia, safari hii ule mshuko ukawa mwingine kidogo. Akarudia tena. Nilisimama mlangoni na begi langu begani. Kwenye mara ya tano au ya sita alinyamaza katikati, akabaki na mdomo wazi. Kioo kilipokuja kufunguka alikuwa ameshaweka mikono mapajani.

"Umekwenda," alisema.

"Mwalimu, si ungeandika kwenye karatasi kwanza?"

Alininyooshea mkono wake wa kulia, akauacha hewani. Ulikuwa unatetemeka. "Karatasi zangu siku hizi hata mimi sizisomi."

"Basi rekodi kwenye simu."

"Nimejaribu. Nikisikiliza baadaye nasikia mzee anakohoa." Akacheka, nami nikacheka kwa adabu, lakini macho yake hayakucheka. "Mwana wange, wimbo haupigi hodi mara mbili."

Tulijaribu kuiacha mashine ikiwaka mchana kutwa. Umeme wa Muleba haukukubaliana na mpango huo. Ulikatika pale ulipojisikia, na kila ukirudi tulianza upya kwenye kiduara.

Wiki chache baadaye niliwasikia wakizungumza chumba cha mbele. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wasichana wangu, na sikuwa na pa kuyakimbilia maneno yale. Ma Leokadia alikuwa anamwambia kwamba wanakwaya wamekubaliana kumnunulia kompyuta mpya kwa ajili ya jubilei ya parokia, maana alikuwa ameombwa atunge misa mpya nzima: Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo. Kwa nini alikuwa amewakatalia?

"Hii najua kila kitu kilipo," Mwalimu akasema. "Najua nikibonyeza hapa natokea wapi. Nikipewa mpya nitapotea, Leokadia."

"Si huyu Jovitha wetu wa chumba cha pili atakufundisha?"

"Atanifundisha, na kesho nitamuuliza tena, na keshokutwa."

Nilisikia kiti kinasogezwa. Kesho yake jikoni, tukimenya ndizi, Ma Leokadia aliniambia bila mimi kumwuliza. Alisema Mwalimu alikuwa ametoka kanisani wiki ile akashika njia ya sokoni, akasimama njia panda hadi mtu alipomrudisha. Alisema siku nyingine anamwita yeye kwa jina la dada yake aliyefariki. "Hajui kama najua," alisema. "Na wewe usioneshe. Akijua atavunjika moyo, misa haitaandikwa." Nikaahidi. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, tukaendelea kumenya.

Hapo ndipo nilipopata wazo la diski. Chuoni nilikuwa nimesikia habari za SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka ndani, inayoweza kuifanya kompyuta kuukuu iamke kama kijana. Nilikuwa nimeona moja tu, mikononi mwa mwalimu. Hilo halikunizuia. Jumamosi nikapanda gari kwenda Bukoba, nikaingia duka moja karibu na soko, nikamkuta mwanamke mfupi aliyejifunga kilemba, anaitwa Hidaya, amefungua kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Aliniuliza mashine ni ya aina gani. Sikujua, lakini nilikuwa na cheti. Nikamwambia, "Ya kawaida tu. Nipe SSD iliyo na kasi kuliko zote." Akanitazama, akaniuliza tena, nikajibu vilevile. Akanipa kidude chembamba kama kijiti cha aiskrimu, nikarudi nacho Muleba kifuani kama hirizi. Nilipoifungua mashine ya Mwalimu, mbele yake na mbele ya Ma Leokadia aliyekuja na kikombe chake cha uji kuangalia, niligundua kwamba kidude kile hakikuwa na mahali pa kuchomekwa. Mashine ilikuwa imetengenezwa kabla vidude vya aina hiyo havijafika. Nilizungusha macho kwenye maza bodi nzima, iliyofunikwa na vumbi jekundu, nikitafuta tundu ambalo halikuwepo.

"Kimekataa?" Mwalimu akauliza.

"Nimekosea," nikasema. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu mzima kabla ya siku ile.

"Basi rudi ukaulize," akasema, akiwa anaokota skrubu zangu na kuzipanga kwenye kisahani. "Mimi wanakwaya wakikosea nawaambia turudi mstari wa kwanza. Hakuna aliyekufa."

Kabla sijafunika kasha nilisikia kitu kingine. Mashine ilipowashwa ili tuone kama bado ni nzima, diski ya zamani ilikuwa inagonga ndani, tik, tik, inatulia, tik. Niliijua sauti hiyo. Chuoni walitwambia ukiisikia, hamisha vitu vyako siku hiyohiyo. Nikamuuliza kama ana nakala ya nyimbo zake mahali pengine. Akasema alikuwa nazo kwenye flashi, na flashi hiyo hakumbuki alimpa nani.

Jumatatu niliomba ruhusa kituoni nikarudi kwa Hidaya. Safari hii nilikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeandika namba zote nilizozikuta mgongoni mwa kasha, aina ya nyaya, ukubwa wa diski ya zamani, gigabaiti mia moja na sitini, na kiasi kilichotumika. Hidaya aliisoma, akavuta stuli, akaniambia nikae.

"Sasa umekuja," alisema. "Ni ya nani hii?"

Nikamweleza. Nilimweleza zaidi ya nilivyokusudia: mikono inayotetemeka, wimbo uliopotea, kwamba kila kitu lazima kibaki pale kilipo, na jinsi diski inavyogonga. Alisikiliza huku anasafisha kipande kwa brashi. Kisha akaweka diski tatu juu ya kaunta, za umbo la kitabu kidogo cha sala, zenye kuchomekwa kwa nyaya zilezile za zamani. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mia moja na ishirini. Ya pili ilikuwa kubwa sana, na bei yake ilikuwa ya kushangaza kwa urahisi. Ya tatu ilikuwa ya mia mbili na arobaini, haina mbwembwe, ina waranti ya miaka mitatu.

Nilinyoosha mkono kwenye ile kubwa. Hidaya hakunizuia, aliniuliza tu, "Nyimbo za nota zina uzito gani?"

"Ni nyepesi. Kama barua."

"Basi nafasi yote hiyo ataweka nini? Angalia maandishi ya diski yenyewe, yamepinda, ni ya bandia. Hii nimeshawauzia watu wawili, wakarudi wanalia. Umeme ukikatika ghafla inasahau kila kitu. Huyo mzee wako anaweza kuvumilia mashine inayosahau?"

Nikauondoa mkono.

"Ile ndogo haitabeba diski nzima ya zamani. Itabidi upange upya, uache vingine. Umesema mzee hataki kitu kihame. Na usihangaike na kasi iliyoandikwa kwenye boksi, mashine yenyewe ni ya zamani, itaibana tu. Hata ikibanwa, ataona kama muujiza. Wewe chagua itakayokaa." Akasukuma ile ya katikati mbele yangu, akachukua kile kijiti nilichokirudisha, akakiweka kwenye droo bila neno. Aliniongezea fremu ya chuma ya kuishikizia na waya mmoja wa ziada. Nilipokuwa natoka akaniita. "Wewe binti. Siku ya kwanza ulijua kila kitu. Leo umeuliza maswali kumi na moja. Nilikuwa nahesabu."

Kuinakili ile diski nzima kama ilivyo, chembe kwa chembe, tulifanya Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, mashine ikiwa imezimwa wiki nzima. Padre alituazima jenereta la parokia ili umeme usitusaliti, na Ma Leokadia akakataza mtu yeyote kuingia chumba cha mbele, akisema kuna mgonjwa anafanyiwa upasuaji. Nilizichomeka diski mbili pamoja, ya zamani na mpya, nikaanzisha kazi. Asilimia zilipanda polepole. Kwenye sabini na moja zilisimama. Diski ya zamani ilianza kugonga kwa nguvu. Nyimbo za miaka yote zilikuwa zimening'inia hapo, nusu huku, nusu kule, na aliyezining'iniza nilikuwa mimi. Nilimtazama Mwalimu nikitegemea kuona hofu. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa, kidole chake kinapiga goti.

"Inagonga tatu kwa nne," alisema. "Inapumzika kwenye pigo la tatu. Sikiliza."

Nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Tulikaa hivyo, sijui dakika ngapi, jenereta likivuma nje, mzee akihesabia diski inayokufa kana kwamba ni mwimbaji wa sauti ya pili aliyechelewa kuingia. Na ikaingia. Sabini na mbili. Sabini na tatu. Ilipofika mia Ma Leokadia alikuwa ameshaleta chakula mara mbili na kukirudisha mara mbili.

Niliiondoa ya zamani, nikafunga mpya kwenye fremu yake, nikafunika. Nikamwambia Mwalimu abonyeze yeye mwenyewe. Akabonyeza, akageuka kuvuta kiti chake kama kawaida, na hakuwa hata ameketi sawasawa mashine ilipoimba ule wimbo wake mfupi wa kufunguka. Alibaki ameshika kiti. Picha ileile ya kanisa, safu zilezile za mafaili, jina la kila wimbo pale alipoliacha. Aliinama, akagusa kioo kwa kidole, faili moja, la pili, la tatu, kama mtu anayehesabu watoto waliorudi kutoka kuteka maji.

"Mawe! Mama yangu!" Ma Leokadia akasema mlangoni. "Imefufuka."

"Wako wote," Mwalimu akasema. "Wako palepale."

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa utamu kuliko yote. Asubuhi nilikuwa nasikia miguu yake ikitoka shambani, kitufe, mlio mfupi, kisha vidole, polepole, kwa sababu vilitetemeka, lakini bila kusimama. Bwana Utuhurumie ilikamilika kabla ya kiangazi. Utukufu ilichukua muda, aliibomoa mara mbili. Mtakatifu ilimjia nzima siku moja, tena akiwa anamwaga maji ya kunawa, akaja chumbani na beseni mkononi. Siku nyingine aliniita nisikilize, mashine ikicheza sauti nne kwa ule mlio wake wa bati, na yeye akiomba radhi kwa niaba yake. Wakati huohuo alikuwa anapungua. Aliniuliza jina la kijiji chetu mara nyingi. Chumvi aliiweka kwenye chai. Ma Leokadia na mimi tulifanya kazi ya kufunika: tulibadilisha kikombe kimyakimya, tulijibu swali lilelile kwa sauti ya mara ya kwanza. Tulikuwa hodari.

Kisha, majuma machache kabla ya jubilei, nilimkuta ameketi mbele ya kioo kilichokwisha kufunguka. Mwanakondoo ulikuwa na mistari miwili tu, sauti ya kwanza peke yake. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Nilimuuliza kama mashine ina tatizo.

"Mashine haina tatizo," alisema kwa upole. "Zamani mimi ndiye niliyekuwa naisubiri. Sasa yenyewe ndiyo inanisubiri."

Nilivuta stuli nikakaa kando yake, tukatazama nje, mvua ikianza kupiga majani ya mgomba. Baada ya muda alihifadhi kazi yake, akaizima mashine kwa utaratibu wote, akaniuliza kama tumeshakula.

Kwenye jubilei misa yake iliimbwa. Ilipofika Mwanakondoo, kwaya haikuchukua wimbo wa zamani kama nilivyotegemea. Waliimba ile mistari miwili, kwa sauti moja, wanaume kwa wanawake, jinsi alivyoiacha. Mwalimu alikuwa ameketi mbele, amevaa koti lake jeusi, anatikisa kichwa taratibu kufuatia pigo, na sijui mpaka leo kama alikuwa anautambua. Mwezi wa kwanza nilihamia Bukoba, kwa Hidaya, ambaye alinipa stuli na brashi na kunifundisha miaka sita.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikijisifu moyoni, si kwa diski tu bali kwa siri. Nilijiona nilimlinda. Jumatano ile ya mazishi, wageni wakiwa barazani, nilikwenda jikoni nikamkuta Ma Leokadia amekaa na wanawake wawili wa jirani, wakimenya ndizi. Majirani waliponiona wakatoka na masufuria. Nikachukua kisu, nikakaa chini. Nilimwambia kwamba nashukuru Mungu, angalau mwaka ule Mwalimu hakujua.

Aliacha kumenya.

"Jovitha waitu, mwanangu. Alijua kabla yetu sote. Alikuwa amekwenda hospitali peke yake, akaniambia anakwenda kwenye semina ya kwaya. Wakamweleza. Ndipo akaenda kwa padre, akamwambia, nitafutieni mpangaji anayejua kompyuta, nina kazi ya kumaliza."

Nilikiweka kisu chini.

"Nililijua hilo mwaka uliofuata, wewe umeshaondoka. Aliniambia siku moja akili yake ikiwa imetakata. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulituacha tuhangaike kukuficha? Akasema, mlikuwa mnafurahi kunisaidia. Nikamuuliza, na Jovitha je, kwa nini hukumwambia yeye?" Ma Leokadia akapangusa uso kwa kiganja, utomvu ukaacha mstari shavuni. "Kumbe kuna siku alichomoa waya wa ile mashine ikiwa inawaka, ukamgombeza. Unaikumbuka?"

Niliikumbuka papo hapo. Nilikuwa nimempigia kelele. Nilimwambia kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kufanya kitu kama kile, kisha nikakimbilia chumbani kwangu nikalia kwa aibu, na kwa miaka yote hii nilikuwa nimeuzika mdomo wangu wa siku ile.

"Alisema, yule mtoto alinigombeza kama mtu mwenye akili zake. Hakuna mwingine anayenigombeza tena. Usimwambie kitu, Leokadia. Akija kututembelea, mwache anigombeze tu."

Nje kwaya ilikuwa inajipanga, mtu anatoa sauti ya kuanzia. Ma Leokadia alisogeza beseni katikati yetu, nami nikavuta mkungu upande wangu.